Chapa ya Si Dhahabu

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, wanaume watatu walipopanda kwenye baraza letu nyuma ya soko la Shinyanga na kuweka bangili juu ya meza ya Mama Sonara. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitia ufunguo saa ya ukutani ya kanisa moja la Ngokolo, na nilikuwa nimeinamisha sikio kuisikiliza kama mwendo wake uko sawa. Meza yangu na yake zilitenganishwa na nguzo moja. Mimi nilitengeneza saa, yeye alitengeneza mapambo ya wanawake, na tulikuwa tumekaa hivyo miaka kumi na sita.

Mmoja wa wale watu, mnene, mwenye sauti ya upole, alimuuliza kama kazi ile ni yake. Walikuwa watu wa msako wa magendo na ulanguzi. Mwaka ule kila mtu alijua msako ni nini, na kila mwenye meza alijua kwamba jibu baya linaweza kumpokonya meza. Mama Sonara alijibu. Nitaeleza alichojibu, lakini lazima kwanza nieleze alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu mtu mwingine yeyote angejibu vingine na jioni ile angepika ugali nyumbani kwake.

Jina lenyewe halikuwa sahihi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Sonara ni mtu wa dhahabu na fedha. Yeye hakugusa hiyo wala hiyo. Alifanya kazi ya shaba ya njano, aliyoikusanya kutoka kwenye majiko ya stovu yaliyotoboka, karabai zilizokufa, makufuli, koki za mabomba na kengele za baiskeli. Ukimwita Sonara alikuwa anakusahihisha. Lakini ukimwita kwa jina la binti yake, aliyeolewa Kahama, alikuwa anajifanya hakusikia. Basi tukamwita Mama Sonara, akatusahihisha, na akaitika.

Ufundi aliupata katika nyumba ya sonara mmoja Mhindu aliyekuwa na duka mtaa wa pili. Aliingia kama mfanyakazi wa jikoni, akaishia kwenye mivukuto. Familia ile ilipohama mji, yule mzee alimwachia fuawe ndogo, mrija wa kupulizia moto na tupa tatu. Yaliyotangulia hapo siyajui. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia.

Vitu alivyotengeneza havikufanana na chochote kilichouzwa mjini. Alikuwa na hereni za sufuria na mwiko wake, sufuria sikio hili, mwiko sikio lile. Alikuwa na mkufu wa funguo kumi na mbili na kufuli moja katikati, aliouita Mwenye Nyumba. Alikuwa na pete yenye koki ndogo ya bomba inayozunguka kweli, ikiitwa Maji Hakuna, na wanawake wa Shinyanga waliokwisha kupanga foleni ya ndoo tangu alfajiri waliielewa bila maelezo. Na alikuwa na bangili pana iliyoning'inizwa vikombe vitano vidogo vilivyokatwa kwenye kengele ya baiskeli. Ukitembea nayo ilisikika toka barabarani. Aliiita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, huyo ni mtu ambaye ni vizuri kumsikia kabla hajafika.

Havikuwa vitu vya kila mtu. Wanaume wengi walivichukia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja mwenyewe kurudisha hereni za mkewe akisema anachekwa kazini. Mama Sonara alizipokea, akamtazama, akamwambia, "Wewe unachekwa, hereni zimevaliwa na yeye. Hapo tatizo ni la shaba?" Mwalimu aliondoka na hereni zake.

Biashara yake ilikuwa na sheria moja. Hakuuza kwa mtu ambaye hakucheka. Alikuwa anakuwekea kitu kiganjani na kukutazama usoni. Ukikunja uso ukauliza kitadumu miaka mingapi, au uzito wake gani, alikichukua taratibu na kukirudisha sandukuni. Bei yake haikushuka kwa kubembelezwa. Ilishuka kwa matusi mazuri. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo aliyeishi na Wasukuma mpaka akaota ndoto zao, na mambo ya utani aliyashika kama alivyoshika misa ya Jumapili. Mgogo mmoja wa reli alizoea kupita, kusimama mbele ya meza, kutangaza kwamba watu wa kwao walikuwa na utajiri wakati watu wa Mama Sonara wanakula panya, na kuondoka na kitu chochote alichokishika. Hakulipa hata mara moja. Mama Sonara hakumdai hata mara moja. Alipopita stesheni alichukua kuku wa yule bwana, naye hakulalamika.

Nilimwambia kwamba hivyo si namna ya kuendesha biashara. Alinijibu kwamba kitu kilichochukuliwa kwa utani hakikuibwa, kimehama tu, na anayekwenda kukishitaki amejifukuza mwenyewe katika ukoo wa watu wanaocheka. Aliyasema haya kwa uzito, kama mtu anayesoma sheria.

Mwanzoni kazi zake hazikuwa na alama yoyote. Chapa ilikuja kwa sababu ya sikio. Muuguzi mmoja, mteja wake, alivutwa hereni na kibaka pale stendi ya mabasi, na ndewe ya sikio ikachanika hadi chini. Kibaka alidhani ni dhahabu. Mama Sonara alikwenda hospitali kumwona, akarudi, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa karakana aliyejua kuchonga chuma. Alirudi na muhuri mdogo wa kugongea, wenye maneno mawili: SI DHAHABU.

"Mwizi asome kabla ya kuvuta," alisema.

Nilimwambia vibaka hawasomi. Akasema basi watakuwa wamepata sababu ya kujifunza.

Alichokusudia ni kinga, lakini wanawake wakakigeuza kuwa jina. Waliomba maneno yale yawekwe mbele, mahali pa kuonekana. Mnapaswa kuelewa mahali penyewe. Sisi tunaishi katikati ya almasi na dhahabu. Kila familia ina mwanamume aliyekwenda machimboni Geita na kuahidi kurudi na kitu, na wengi walirudi na kikohozi. Mwanamke aliyevaa maneno yale kifuani alikuwa anamwambia mtu fulani jambo fulani, bila kufungua mdomo. Mke wa mchimbaji mmoja alinunua Mwenye Nyumba, akaivaa mezani siku mume aliporudi mikono mitupu kwa mara ya tatu. Alitusimulia mwenyewe. Alisema mume alisoma, akala, akalala, na asubuhi akaenda kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba.

Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyesema "hereni za Mama Sonara." Walisema, "Nimevaa Si Dhahabu." Wake wa watumishi wa mgodi wa almasi walituma dereva. Masista walikuja kutazama, wakacheka, wakanunua koki moja, na sikuuliza ataivaa nani. Alikuwa peke yake, na fuawe, paka na sanduku, lakini alikuwa na jina linalotembea kwenye masikio ya watu kutoka Maganzo mpaka Buseresere.

Chapa aliigonga kwa pigo moja. Alishika pumzi, akaweka muhuri, akapiga. Ikitokea muhuri ukateleza na maneno yakajirudia kama kivuli, hakutengeneza. Aliyeyusha kitu kizima, hata kama kilikuwa cha wiki mbili. Nilimwambia mteja hawezi kuona kosa dogo kama lile. Alisema mteja haoni, lakini maneno yale ndiyo sehemu pekee ya kazi ambayo si mzaha, na yeye anataka sehemu moja isiyo na mzaha.

Wachimbaji walimfuata na dhahabu ya kweli. Walikuja na unga umefungwa kwenye kinailoni, au ndani ya unyoya wa kuku uliozibwa nta, wakimwomba ayeyushe tu, kidogo, malipo mazuri. Aliwafukuza wote kwa maneno yaleyale: wapeleke kwa wanaolala na bunduki, yeye analala na paka. Hakuwa akiiogopa sheria tu. Aliichukia dhahabu yenyewe. Mtu akivaa dhahabu, alisema, watu wanatazama shingo na kupiga hesabu, uso hawauoni. Akivaa sufuria sikioni, wanamtazama usoni kuona kama ana akili timamu, na hapo angalau ameonekana.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa bahili wa chai kiasi cha kutumia majani yaleyale mpaka maji yakatoka meupe. Aliwadanganya wateja kwamba kazi ya siku mbili ilimchukua mwezi. Umri wake aliushusha kila mwaka, hata ikafika mahali akawa karibu kunilingana, na mimi nilikuwa namwamkia shikamoo tangu siku ya kwanza. Alisema uongo ni wa mdomo, kila mtu anajua kuupima. Ulioandikwa ndio mbaya. Yeye mwenyewe hakuvaa chochote. Matundu ya masikio yake yalikuwa yamejifunga zamani. Na alikuwa na majivuno, ingawa angekataa neno hilo. Akisikia mlio wa Mama Mkwe ukipita barabarani, alisimamisha tupa mpaka upotee.

Majivuno hayo ndiyo yaliyomfanya asione mambo mapema. Mdogo wa marehemu mume wake alikuwa mchuuzi, anaishi Buseresere, kwenye njia ya Biharamulo, na alikuwa akija Shinyanga kuchukua bidhaa. Alikuwa mtu wa maneno. Ndiye peke yake niliyemwona akimfanya Mama Sonara acheke mpaka aweke chombo chini. Shemeji na shemeji kwetu wana ruhusa ya kuambiana yasiyoambika, na hawa wawili waliitumia yote.

Alikuwa akifika anaanza toka barabarani. "Mke wa kaka, bado hujafa? Nimekuja kurithi."

"Urithi uko pale," alijibu bila kuinua kichwa. "Mchukue paka. Anakula vizuri kuliko watoto wako."

Kisha ndiyo wanaulizana kwa Kisukuma, "Mhola?" "Mhola duhu," na habari za nyumbani zinafuata kwa sauti ya kawaida.

Alimchukulia kazi na kwenda kuziuza machimboni, na fedha alirudisha bila matatizo. Hilo nalisema kwa haki. Miaka kadhaa hakukuwa na kasoro.

Muhuri wa kwanza ulikuwa umechoka. Herufi ya mwisho, U, ilikuwa imekatika mguu mmoja. Mama Sonara alichongesha wa pili, na ule wa zamani aliutupa kwenye kopo la misumari. Siku moja shemeji, akitafuta msumari wa kufungia sanduku lake, aliuokota.

"Shemeji, hiki nakichukua. Nikikosa mke wa pili nitampiga chapa mbuzi."

"Chukua. Mbuzi wako wana akili kukuzidi, watakataa."

Aliutia mfukoni. Mama Sonara akamvua kofia kichwani na kuitundika kwenye msumari wake, kulipiza. Wote wawili walicheka. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi imefunguliwa mbele yangu, niliyasikia yote na sikuona kitu cha kusikiliza.

Msimu uliofuata shemeji alianza kuchukua Mama Mkwe tu. Hakutaka hereni wala mikufu. Alisema wanawake wa machimboni wamepatwa na wazimu wa ile bangili. Mama Sonara alifurahi sana. Alitengeneza mpaka kengele za baiskeli zikaadimika mjini, na watoto wakaanza kuzilinda baiskeli za baba zao tulipopita.

Sasa narudi kwenye Jumanne ile.

Bangili iliyowekwa mezani ilikuwa Mama Mkwe kwa kila kipimo: upana, vikombe vitano, chapa mbele. Walikuwa wameitoa mkononi mwa mwanamke mmoja kwenye kizuizi cha barabara, upande wa magharibi, basi likielekea mpakani. Yule mnene alieleza mwenyewe namna ilivyotokea. Mke wake alikuwa na bangili kama ile, aliinunua kwetu, na ilimpigia kelele nyumbani mwaka mzima tangu jikoni mpaka kitandani. Pale kizuizini mwanamke yule alipunga mkono kufukuza nzi, na bangili haikulia. Ndiyo ilimshtua. Asingekuwa na mke mwenye Si Dhahabu, alisema, angeiacha ipite kama wenzake walivyoziacha nyingine, kwani nani ataikamata bangili iliyoandikwa wazi kwamba haina thamani?

Mama Sonara aliichukua. Niliona mkono wake ukishuka kidogo, kama mtu aliyepewa ndoo aliyodhani ni tupu. Aliitikisa karibu na sikio. Shaba ingelia. Hii ilikuwa dhahabu: ilifanya sauti ya maharage ndani ya gunia. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikampa lenzi yangu ya jichoni. Aliisoma chapa kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

Alipoitoa lenzi nilijua ameona nini. Herufi ya mwisho ilikuwa imekatika mguu.

Angeweza kusema ni ya kughushi. Mtu yeyote anaweza kuchonga herufi tisa, na hawakuwa na namna ya kumpinga. Ndilo jibu nililokuwa namwombea moyoni.

"Kazi hii ni yako, mama?" yule mnene aliuliza tena.

"Kazi si yangu. Maneno ni yangu."

"Maneno gani?"

"Hayo yaliyoandikwa. Chuma kilichoyagonga ni changu."

"Kwa hiyo umeyagonga wewe."

"Nimesema chuma. Sijasema mkono."

"Na mkono ni wa nani?"

Aliiweka bangili mezani. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyozoea kunieleza sheria zake, "Chuma hicho kilitoka hapa kwa utani."

Mdogo kati ya wale watatu alicheka. Mnene hakucheka. Alimuuliza, utani na nani?

"Utani hauna polisi ndani yake, mwanangu."

Mimi sikuwa mtani wa mtu pale, na sheria ile haikunifunga. Nilisimama nikamtaja shemeji, jina lake, mahali anapokaa, na siku aliyouokota muhuri kwenye kopo. Nilieleza kwa utaratibu. Mama Sonara alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona, hata kwa wateja wasiocheka.

"Muulizeni Fundi Saa kama alimwona akigonga."

Waliniuliza. Sikuwa nimemwona. Nilisema hivyo.

"Basi," alisema, na akaanza kufunga mrija wake kwenye kitambaa kana kwamba ndiye anayewaaga.

Walichukua kila kitu. Walimimina sanduku juu ya turubai, wakatupia fuawe juu yake, na vikombe vya Mama Mkwe zote vikalia kwa pamoja wakati wanapakia garini. Naye akapakiwa.

Huko Buseresere shemeji alihojiwa. Habari hizi nilizipata kwa mtu aliyekuwepo. Muhuri haukuonekana. Alisema bidhaa zote hutumiwa na mke wa kaka yake zikiwa tayari zimegongwa, yeye anauza tu. Walipomuuliza habari za utani alishangaa. Alisema yule ni mkubwa wake sana, ni kama mama mzazi kwake, hajawahi kutaniana naye hata siku moja, na kwamba hata kufikiria jambo hilo ni kumvunjia heshima. Wakamwamini. Alikuwa amevaa shati safi na alisema kwa unyenyekevu.

Nadhani hilo lilimfikia Mama Sonara mahabusu, kwa sababu niliporuhusiwa kumpelekea chakula hakuniuliza habari za mtu yeyote wa ukoo. Aliuliza habari za paka.

Kesi haikusomwa. Alikaa mpaka mvua za mwaka uliofuata, kisha akafunguliwa bila maelezo. Meza yake ilikuwa imekodishwa kwa muuza betri. Lakini hata angeipata meza, kazi ilikuwa imekufa. Kwenye vizuizi wanawake walikuwa wameamriwa kuvua kila Si Dhahabu, na kila moja ilipigwa tupa kuona rangi ya ndani. Nani atavaa kitu ambacho kitakwanguliwa mara tatu kabla ya kufika Kahama? Wengine walizitupa chooni. Wengine walizifungia chini ya masanduku. Muuguzi yule wa sikio alikuja kuniuliza kwa kunong'ona kama ni kosa kuwa nayo nyumbani.

Na maneno yenyewe yaligeuka. Machimboni walianza kuyatumia kwa maana nyingine. Mtu aliyekuwa na dhahabu ya kupitisha kwa siri aliulizwa, "Una si dhahabu?" na aliyekuwa nayo alijibu anayo. Niliyasikia haya kwa masikio yangu kwenye basi, kwa vijana waliokuwa hawajui kwamba maneno yale yalianzia kwenye ndewe ya sikio iliyochanika.

Yeye alihama upande wa Geita. Hakuniaga. Miaka mitatu au minne sikusikia habari zake.

Nilimwona mara ya mwisho nilipoitwa kutengeneza saa ya misheni moja ya huko. Nikapita kwenye kijiji cha wachimbaji kutafuta chakula, na pale, chini ya kibanda cha turubai cha mnunuzi wa dhahabu, nikamkuta amekaa kwenye kigoda. Amekonda. Mchimbaji anakuja, anamwaga kokoto na unga kiganjani mwake. Anafumba macho kidogo, anasema "ndiyo" au "hapana," na mnunuzi anaendelea na mizani yake. Hakosei, mnunuzi aliniambia kwa fahari, kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Mwanamke aliyefukuza dhahabu kwenye baraza lake miaka yote ile, sasa ilipita mikononi mwake kutwa nzima.

Nilimwamkia.

"Marahaba, Fundi Saa. Saa zinakwenda?"

Nilisema zinakwenda. Tulikaa. Nilijaribu kumtania kuhusu umri wake, kwamba sasa mimi ndiye mkubwa. Alinitazama kwa adabu, akaniuliza kama nimekula.

Niliuliza kama shemeji aliwahi kuja. Alisema walikutana msibani, Ushirombo. Mtu amejenga, ana gari. Alishuka, akamkuta amekaa na wanawake wengine, akainama mbele ya watu wote na kumwambia, "Shikamoo, mama."

"Ukamwitikia?"

"Nilimwitikia. Watu walikuwa wanatazama." Akakung'uta viganja, ingawa havikuwa na kitu. "Shemeji akishakuamkia shikamoo na wewe ukaitika marahaba, Fundi, hamna cha kuambiana tena. Amenifanya mzazi wake."

Mchimbaji alikuja, akamwaga. Alisema hapana. Mchimbaji akabisha, mnunuzi akamfukuza.

Kisha Mama Sonara akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka uliopita aliitwa Shinyanga na ofisi iliyokuwa imehifadhi mali zilizokamatwa. Alipanda basi. Karani, kijana mwenye heshima, alimwambia kwamba vitu vyake vimepimwa kimoja kimoja, hereni, mikufu, pete na bangili, na imethibitika kwamba vyote si dhahabu. Alimwambia taratibu, kama anayempa mtu habari njema. Mama Sonara alimwambia kwamba hilo lilikuwa limeandikwa. Karani akasema ndiyo, mama, lakini ilibidi kupima.

Akaomba apewe vitu vyake. Havikuwepo. Kwa kuwa havikuwa na thamani, vilikuwa vimeuzwa kwa uzito pamoja na fuawe, kama vyuma chakavu, na alichoitiwa ni kupokea fedha zake. Alitia dole gumba.

Niliuliza zilikuwa kiasi gani. Hakuficha, wala hakuonyesha kwamba swali limemuumiza. Alinihesabia kwa vidole, na nilipokuwa nikirudi kwenye basi nilihesabu upya, nikakuta hakukosea. Alilipwa shilingi mia mbili na kumi na tano. Nauli ya kwenda na kurudi, na kitanda cha usiku mmoja kwa kuwa karani siku ya kwanza hakuwepo, vilimgharimu mia mbili na arobaini. Kuthibitishiwa kwamba alisema kweli kulimtia hasara ya shilingi ishirini na tano.